Si Sufi Iliyomfikisha Mejumaa Nanyuki

Mnaniuliza kwenye kundi la darasa, mnaniuliza dukani, mpaka mama mkwe wangu ameulizwa kwenye arusi ya watu: Riziki alipanda ndege kwenda kufanya nini? Na kila anayeniuliza anakuja na jibu lake tayari mkononi, kwamba sufi ya mamake Mejumaa, ile pamba ya mti wa msufi, ndiyo iliyomkalisha bintiye kwenye kiti cha rubani. Si sufi. Tangu nirudi nimenyamaza, sasa nimechoka kunyamaza. Nitasimulia mara moja tu, na yale yanayoniaibisha nitayasema pia, kwa sababu nikiyaruka hayo mtaona kama nasema uongo.

Kwa mliohama shule kabla ya kidato cha tatu: Mejumaa na mimi ndio wale wafupi wawili wa dawati la mbele. Mwalimu wa fizikia alikuwa akitusimamisha mgongo kwa mgongo na kutuwekea rula vichwani ili darasa licheke, na rula ililala sawa. Kwenye mtihani hatukuwa sawa. Mimi nilikuwa wa kwanza, yeye alichungulia kwangu. Kisha mamake akawa anafua nguo kwa bibi mmoja Mjerumani huko Diani, bibi ambaye ujanani alikuwa akiendesha ndege, na yule bibi akamsomesha Mejumaa urubani. Mamangu mimi alikuwa akiuza samaki wa kukaanga. Watu wakimaliza samaki hulamba vidole wakaenda zao. Kwa hiyo Mejumaa ni rubani, nami ni fundi wa nguo na mito, nina mtoto wa miaka miwili na mume anayelinda hoteli na kuja nyumbani akikumbuka.

Bodo, kabla sijatoka

Mejumaa alikuja mwenyewe kibandani kwangu, amevaa saa kubwa ya mwanamume na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga tope la kijiji chetu cha Bodo. Akasema kampuni inayowapeleka watalii mbugani imempa ndege ndogo ya injini moja, lakini kwanza lazima aipeleke kwa kapteni mkuu huko Nanyuki akapimwe. Si kupimwa akili. Kupimwa urefu.

"Viti vyao vimetengenezewa watu warefu, Riziki," akaniambia. "Nikikaa chini sioni mbele, naona pua ya ndege tu. Nikijiinua kwa mto, miguu inayakosa makanyagio ya kugeuzia mkia. Nikisogea mbele miguu ifike, usukani ukiuvuta unanijia tumboni. Kapteni anataka vyote vitatu kwa pamoja. Nikishindwa, ndege watampa kijana mmoja wa Nairobi, mrefu kama mnazi."

Akakaa kwenye cherehani yangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na aliyeitengeneza hakufikiria mtu kama mimi. Nimefunga vibao viwili juu ya kanyagio, nimeweka mto mgumu chini na mwingine mgongoni, yote ya makumbi ya nazi niliyoyaponda na kuyachambua mwenyewe. Makumbi hayalali. Unayakalia kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri na yako pale pale. Mejumaa akakanyaga mara mbili, akatazama sindano, akanitazama mimi.

"Vibao vya makanyagio ninavyo, wamenipa," akasema. "Nishonee mito hii hii. Na twende pamoja, ndege inakwenda tupu. Mto ukileta shida nataka fundi awe karibu."

Kipimo nilikichukua mwilini mwangu. Sikuhitaji wake.

Siku mbili baadaye mamake akaja na gunia la sufi. "Mwanangu hatakalia makumbi kama mtu wa mkokoteni," akasema. "Bibi arusi tunamkalisha kwenye sufi. Na rubani je?"

Mnajua kwetu jinsi ilivyo. Mgeni wa heshima ni sufi, godoro la arusi ni sufi, makumbi ni ya kibandani. Lakini mimi ni fundi. Najua sufi mpya humnyanyua mtu vizuri kwa muda wa saa moja, kisha hulala, na ikishalala haiamki mpaka uianike juani na kuipiga fimbo. Ningemwambia, mama, hii italala mwanao akiwa angani. Nilimwambia, "Haya, mama."

Nilijidanganya kwamba ni adabu kwa mkubwa. Haikuwa adabu. Nilikuwa naviona vile viatu vyeupe.

Bodo hadi Ukunda

Nilimwacha mwanangu Swafiya kwa mama mkwe, amelala, nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu na mito miwili imefungwa mgongoni kwa leso. Dereva akaniuliza kama nahama nyumba. Nikapata gari la abiria, proboksi, ikatoboka tairi kabla ya Msambweni, na tairi la akiba lilikuwa limetoboka tangu juzi. Tukakaa kando ya barabara. Nilikula viazi karai vya mama mmoja aliyenitazama nilivyoikumbatia mito, akaniuliza kwa upole nani amelazwa hospitali.

"Hakuna mgonjwa," nikamwambia. "Ni ya rubani."

"Inshallah atapona," akasema.

Pale Ukunda nilimalizia kwa tuk-tuk hadi uwanjani. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi ya kazini ya wifi yangu, ndiyo nguo yangu nzuri pekee isiyokuwa gauni la dira. Mejumaa alitoka kunilaki akiwa na jinzi na kigoda mkononi. Mlinzi wa lango akanisimamia wima.

"Karibu, kapteni," akaniambia. Kisha akamtazama Mejumaa na kigoda chake. "Na huyu binti ni wako?"

"Niko naye," nikasema, nikapita.

Sikumsahihisha. Nilikuwa kapteni kwa hatua kama arobaini, kutoka langoni hadi kwenye bawa la ndege, na nawaambia ukweli, zile hatua nilizitembea vizuri. Mejumaa alicheka mpaka akakalia kigoda. Angekuwa mimi asingecheka.

Ukunda, tukingoja mawingu

Kigoda ni cha kupimia mafuta. Matangi yako ndani ya mabawa, na mabawa yako juu. Marubani wengine wananyoosha mkono tu, yeye anapanda kigoda, anasimama kwa vidole vya miguu na kuingiza kijiti. Mlinzi akamwambia kwa huruma, "Mwachie kapteni apime, wewe utaanguka." Hapo Mejumaa akamwonyesha kitambulisho chake. Mlinzi hakuniangalia tena mchana wote.

Alikaa kwanza bila mto. Mlinzi, aliyekuwa mbele ya ndege, akauliza, "Mbona haina mtu?" Kweli, kwa nje ulikuwa unaona juu ya kilemba chake tu. Nikaweka mto wa chini, nikaweka wa mgongoni, nikaifunga kwa kamba nne kwenye kiti ili isiteleze ndege inapopanda. Akakaa. Nikachomeka kijiti kwenye mchanga mbali mbele, akasema anakiona. Akakanyaga kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kisigino hakikuondoka chini. Akauvuta usukani wote, ukabaki na nafasi ya vidole vitatu kutoka tumboni.

"Sasa nakuona mpaka kidevu," mlinzi akapiga kelele kutoka nje.

"Riziki," Mejumaa akasema taratibu, "hakuna kiti kilichowahi kunikaa hivi."

Nilijivunia kazi yangu na kumchukia aliyeikalia, vyote kwa pumzi moja. Basi akashuka, tukangoja, kwa sababu redio ilisema mawingu ya bara yako chini. Tulikula mahamri na mbaazi kivulini mwa bawa. Akanisimulia juu ya theluji ya Mlima Kenya inavyoonekana asubuhi. Nikamwambia mbaazi zimezidi chumvi.

Ukunda hadi Voi

Nilikaa kiti cha kulia, bila mto. Kwa hiyo msiniulize niliona nini. Mtu wa kimo changu akikaa mle bila kuinuliwa anaona vioo vya mishale na kipande cha mbingu. Nimeruka juu ya Kwale yote, juu ya nyumba za watu wote ninaowafahamu na wanaonifahamu, na nilichokiona ni dashibodi. Mejumaa alikuwa akiongea Kiingereza redioni kwa sauti nyingine, sauti ya watu wa mbali, na mnakumbuka nani alikuwa akimrekebishia Kiingereza.

Kwenye nguzo ya dirisha lake palikuwa na skrubu. Tulipopaa, sikio lake lilikuwa juu ya ile skrubu. Tulipopita Shimba Hills lilikuwa limelingana nayo. Nilijua ninachokitazama. Nikaendelea kutazama.

Redio ikamwambia mawingu bado yamefunga mbele, ashuke angoje. Akachagua kiwanja cha vumbi cha shamba la mkonge karibu na Voi. Tulipofika palikuwa na mbuzi katikati ya kiwanja, tukazunguka. Mwenye mbuzi alikuja pole pole kama aliyealikwa. Tukazunguka tena. Sasa skrubu ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa, na Mejumaa alikuwa amenyoosha shingo kama kobe.

"Nimeshuka," akasema. "Riziki, mto umeshuka."

Akaelekeza ndege chini. Akajisukuma ainuke aone, miguu ikayakosa makanyagio. Akarudi chini akanyage, akapotewa na kiwanja. Injini ikanguruma, tukapanda tena.

"Sioni," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, nisingeogopa vile.

Mimi niliwaza Swafiya alivyolala na mdomo wazi. Mtu mwenye akili akiharibu chombo hapandi ndani yake. Mimi nilipanda, na kamba nikazifunga kwa mkono wangu.

Mara ya pili alitua akichungulia kwa dirisha la pembeni, kichwa amekigeuza kama anayevuka barabara. Tulipiga chini, tukaruka, tukapiga tena, tukaenda upande mpaka karibu na mikonge, tukasimama. Vumbi likatupita. Hakuna aliyefungua mlango.

Shambani

Alitoka, akaufungua mto kwa meno pale mshononi. Sufi ikaruka usoni pake.

"Hii ni nini?"

"Mamako aliileta."

"Nilikuambia makumbi."

"Ndiyo."

"Wewe ni fundi. Hukujua italala?"

"Nilijua."

Akaitoa sufi iliyomshika kwenye nyusi. "Kwa nini?" akauliza.

Ningesema ni kwa heshima ya mamake. Lilikuwa jibu zuri, nililiandaa tangu Bodo. "Kwa sababu ni wewe," nikasema. "Angekuwa mtu mwingine ningemwambia."

Alinizaba kofi moja. Nililipokea. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na vile viatu vyeupe na kulia, nami nikasimama pale, nikiwa na hasira, msiniulize hasira za nini, kwa sababu hata kulia alilia vizuri.

Waliokuja ni wafanyakazi wa shamba, wakiongozwa na mama mmoja wa Kitaita, Mama Wakesho, aliyekuwa akisimamia wanaoanika nyuzi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Ninyi ni pacha?"

"Hapana," tukajibu kwa pamoja.

"Basi, pacha, njooni mle," akasema, akatupeleka kwake, akatupa kimanga, viazi na maharage vimepondwa pamoja vikawa kitu kimoja kizito. Mejumaa alikula akinipa mgongo. Mama Wakesho akanifuata mimi jikoni. "Mwenzako amekukosea nini?" akaniuliza. Ndivyo alivyoelewa. Ilibidi nimsahihishe, na kusahihisha huko kulikuwa kugumu kuliko kofi.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na rundo la nyuzi fupi za mkonge, zile zinazobaki mashineni zisizofaa kamba. Nilizishika, nikazikunja kwenye ngumi, nikaachia. Zikarudi. Ni kama makumbi, tena zaidi. Nikamwomba. Akasema nichukue nitakazo, na shazia ya kushonea magunia akanipa.

Nilifanya kazi mchana wote uliobaki. Nilizichambua, nikazipanga tabaka, moja imelala huku, nyingine imelala kule, nikazikanyaga kwa miguu, nikashona kupenya mto wote kutoka juu hadi chini ili zisitembee. Mejumaa alikuja kusimama karibu nilipokuwa namaliza.

"Ungeniambia tu kwamba unanionea wivu," akasema.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuja na hilo lisaa lako, ukakaa kwenye cherehani yangu kama unakaa kwenye kigari cha mtoto."

"Mimi nilichungulia kwako miaka minne. Ulidhani mimi nilijisikiaje?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Sikulipenda pia. Nikamwambia akae kwenye mto nione.

Voi hadi Nanyuki

Tuliondoka asubuhi. Ile sufi niliyoitoa Mejumaa aliijaza kwenye mfuko wa unga, akaitupa kwenye kiti changu. "Kalia wewe," akasema. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo niliona. Kwa muda wa karibu saa nzima niliiona nchi kavu ya rangi ya ngozi ya ngamia, na mto mmoja wa maji ya matope, na kivuli chetu kidogo kikikimbia chini bila kuchoka. Nilielewa kwa nini anaisimulia theluji ile. Nilimchukia upya, tena zaidi, kwa sababu sasa nilijua ninachokikosa. Kisha sufi ikaanza kulala. Tulipoukaribia Mlima Kenya Mejumaa akasema, "Ule pale," nami niliona ncha yake tu, juu ya dashibodi, kama kofia ya mtu anayepita nyuma ya ua.

Nikatazama skrubu. Sikio lake lilikuwa juu yake, pale pale lilipokuwa tulipopaa Voi.

Nanyuki

Baridi ya Nanyuki haina adabu. Nilijifunika leso mbili, nikakaa kwenye benchi nje ya banda la ndege. Kapteni alikuwa mtu mrefu wa makamo aliyeinama ili aingie mlangoni. Aliibonyeza mito kwa ngumi, akazivuta kamba zote nne.

"Hii ni ya leo tu," akasema. "Ya kudumu lazima iwe na kitambaa kisichoshika moto. Twende."

Walipaa pamoja. Alitakiwa atue mara tano, na kila mara akanyage mpaka mwisho huku kapteni akitazama. Mimi nilibaki na chai ya maziwa iliyopoa kabla sijaifikisha mdomoni. Nitawaambia na hili: nusu yangu ilitaka arudi analia, nirudi naye Bodo tukae kwenye dawati letu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu mishono. Akatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliingia na upepo wa pembeni, ndege imekaa mshazari, nikasimama wima na kikombe mkononi, nikasema kwa sauti, "Kanyaga, mwana wee." Akakanyaga. Ikanyooka. Kuna fundi mmoja wa ndege aliyenitazama, nikamwambia atazame kazi yake.

Kapteni alipotoka alisema maneno machache. "Ameona kiwanja mara zote tano. Ndege ni yake." Kisha akauliza, "Nani alishona hii?"

"Fundi wangu," Mejumaa akasema.

"Fundi yupi?"

"Yule anayetetemeka."

Wakaipiga picha mito yangu, wakaipima kwa futi kila upande. Kapteni akasema watawapa mafundi wao wa Nairobi waige, kuna rubani mwingine mwenye shida hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, meno yanagongana.

"Kipimo hicho ni mwili wa Riziki," Mejumaa akamwambia. "Anayekitaka amfuate Bodo."

Kapteni alicheka. Mejumaa hakucheka. Mpaka leo hakuna aliyekuja Bodo, lakini nasema alichokisema kwa sababu alikisema.

Kurudi

Kesho yake alikuwa na watalii, na kiti changu walipewa wao. Nilirudi kwa basi, siku na nusu, mfuko wa sufi mapajani. Kabla ya kuondoka nilisimama kwenye uzio kumtazama akipaa. Ndege ilipogeuka upande wangu niliona uso wake mzima, kutoka kilembani mpaka kidevu, ameinua kichwa kidogo tu, kama mtu aliyekaa kwake. Nilitaka uwe uso wangu. Bado nautaka. Kama kuna anayengoja niseme wivu umeniisha, angoje.

Nilipofika, Swafiya alinikimbia kwanza, kisha akakumbuka mimi ni nani. Na siku ya pili mamake Mejumaa akapita kibandani na ndizi za kunishukuru, mbele ya wateja watatu. "Unaona, mwanangu," akasema, "ningekuachia uweke makumbi, mtoto angefika?"

Wateja wakaitikia. Kumsahihisha ni kusema nilichofanya. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikakanyaga cherehani.

Sasa nimesema. Ni nyuzi za mkonge zilizookotwa nyuma ya nyumba ya Mama Wakesho, na ni mkono wangu, mkono ule ule uliofunga kamba za sufi. Jana Mejumaa ameniandikia: "Leo saa tatu nzima angani. Mto haujalala." Sijamjibu.

Na mkikutana na mamake mwambieni sufi yake ipo salama. Iko kwenye mfuko wa unga, juu ya kiti cha cherehani, naikalia mimi. Kila saa moja inalala, nashuka, nainuka, naipiga fimbo, nakaa tena.